Mwongozo kamili: kuchanganya PEDOT:PSS na polima laini upate filamu inayopinda, inayovutika na bado inapitisha umeme

Huu mwongozo ni wa mtu aliye kwenye maabara ya chuo, au kwenye karakana yenye hotpleti, mizani nzuri na multimita mbili, anataka kutengeneza elektroniki ya kupinda kwa mkono wake mwenyewe. Elektrodi ya kubandika kifuani kupima mapigo ya moyo, sensa ya kuvaa kwenye kiungo cha kidole, njia za umeme zilizochorwa juu ya plastiki, vyote vinaanzia hapa. Nimechagua mchanganyiko mmoja tu na nitaupeleka mpaka mwisho, kwa sababu ukiuelewa huu vizuri ile mingine utaisoma mwenyewe bila shida.

Mchanganyiko wenyewe ni PEDOT:PSS, ambayo ni polima (yaani molekuli za minyororo mirefu, kama plastiki) inayopitisha umeme, pamoja na poliurethani ya maji, ambayo ni plastiki laini inayovutika iliyotawanywa kwenye maji. Sababu ya kuuchagua ni rahisi: vyote viwili viko kwenye maji, huhitaji kabati la naitrojeni, huhitaji klorofomu, na ukikosea unaosha na kuanza upya.

Kwanza tuelewe tunachokifanya, maana wengi wanarukia resipe halafu filamu ikigoma hawajui waguse wapi.

Mwaka 1977 Hideki Shirakawa, Alan MacDiarmid na Alan Heeger walionyesha kwamba poliasetilini, ambayo ni plastiki, ikipitishiwa mvuke wa iodini upitishaji wake wa umeme unapanda mamilioni ya mara. Mwaka 2000 wakapata Nobeli ya kemia kwa kazi hiyo. Shida ni kwamba poliasetilini inaharibika upesi hewani. PEDOT ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1980 kutoka maabara za Bayer kule Ujerumani, hii inavumilia hewa vizuri sana, ila yenyewe haiyeyuki kwenye kitu chochote cha maana. Hapo ndo PSS inaingia: ni polima yenye asidi, inapenda maji, inaishika PEDOT na kuifanya ielee kama chembe ndogo ndogo za bluu iliyokoza. Leo ile ya kampuni ya Heraeus inaitwa Clevios, na aina inayotufaa sisi ni PH1000, yenye yabisi kama asilimia 1 hadi 1.3 tu, iliyobaki yote maji, na uwiano wa PEDOT kwa PSS ni 1 kwa 2.5 kwa uzito. Usinunue ile ya AI 4083 kwa kazi hii, hiyo ina PSS nyingi zaidi, uwiano wa 1 kwa 6, imetengenezwa kwa ajili ya tabaka jembamba ndani ya sola na LED na upitishaji wake ni mdogo makusudi.

Filamu ya PH1000 ikikauka yenyewe bila nyongeza yoyote inapitisha chini ya S/cm 1 (simensi kwa sentimita, kipimo cha upitishaji umeme), kiasi kidogo mno. Ukiongeza DMSO (kiyeyushi kinachochelewa kukauka) asilimia 5 inaruka mpaka mamia ya S/cm. Lakini bado ni ngumu, ukiivuta asilimia chache tu inachanika, na hapo ndo tunahitaji polima laini.

Sasa sikiliza hapa kwa makini kwa sababu ndo kiini cha kila kitu. Polima mbili ukizichanganya karibu kila mara hazichanganyiki kweli. Molekuli ndogo kama pombe na maji zinachanganyika kirahisi kwa sababu kuna faida kubwa ya vurugu, yaani entropi, ila mnyororo mrefu una vipande maelfu vilivyofungwa pamoja, haviwezi kutawanyika kila kimoja kivyake, kwa hiyo ile faida inakuwa ndogo sana na chuki kidogo tu kati ya polima hizo mbili inatosha kuzitenganisha. Wanakemia Flory na Huggins waliliandikia hilo hesabu tangu miaka ya 1940. Kwa hiyo ndani ya filamu yako kutakuwa na sehemu za PEDOT na sehemu za poliurethani, na swali sio kama zitatengana, swali ni zitatengana kwa ukubwa gani na kwa umbo gani. Unachokitaka ni PEDOT iwe kama wavu wa mvuvi uliotanda ndani ya ile polima laini: nyuzi zinagusana toka upande huu mpaka ule, na kati ya nyuzi kuna kitu laini kinachobeba mvuto. Wavu ukivutwa matundu yanabadilika umbo lakini nyuzi hazikatiki. Ikiwa badala yake PEDOT imekuwa visiwa, umeme haupiti hata kama umeimimina ghali kiasi gani.

Kwa chembe za duara zilizotawanyika ovyo, njia ya umeme inaanza kuunganika zikifika kama asilimia 16 ya ujazo. Zikiwa na umbo la nyuzi inaanza mapema zaidi. Ndo maana unaweza kuwa na filamu ambayo nusu yake au zaidi ni plastiki isiyopitisha na bado ikafanya kazi vizuri tu.

Vitu vya kuwa navyo

PH1000 (chupa ndogo inatosha kwa majaribio mengi), DMSO au ethilini glaikoli, poliurethani ya maji, Triton X-100 (aina ya sabuni ya maabara), maji yaliyochujwa ayoni, isopropanoli. Shiti za plastiki ya PET za unene wa mikroni 100 hadi 125, zile za projekta za zamani zinafaa kabisa. Sirinji na filta za mikroni 0.45. Mizani inayosoma miligramu, ikisoma sehemu ya kumi ya miligramu ni bora zaidi. Hotpleti yenye sumaku ya kukorogea, slaidi za kioo, karatasi za pH, utepe wa shaba au gundi ya fedha. Spini kota (mashine ya kupaka kwa kuzungusha) kama ipo, kama haipo tutatumia fimbo ya waya.

PH1000 weka kwenye friji sehemu ya kawaida, usiweke kabisa kwenye friza, ikiganda chembe zinashikana na hazirudi tena, chupa nzima imekwenda. Kabla ya kutumia iache ifike joto la chumba na uitikise taratibu, usiikoroge kwa nguvu ukajaza mapovu.

Kuhusu poliurethani, hapa wengi wanakwama na hakuna anayewaambia kwa nini. PEDOT:PSS ni asidi kali, pH yake iko kama 1.5 hadi 2.5. Poliurethani nyingi za maji, zile za vanishi za mbao na za kumalizia ngozi, zinaelea kwa sababu zina vikundi vya kaboksili vilivyotulizwa na amini. Ukizitia kwenye asidi, vile vikundi vinapoteza chaji, chembe zinashikana, na ndani ya dakika moja unapata mabonge kama maziwa yaliyoganda. Kwa hiyo tafuta iliyotulizwa kwa sulfoneti au ile isiyo na chaji, karatasi ya maelezo ya bidhaa huwa inasema kama inavumilia pH ya chini. Yenye chaji chanya usiiguse, hiyo itakumbatiana na PSS ambayo ni hasi na utapata jeli papo hapo.

Hatua ya 1: jaribio la tone

Kabla hujapoteza PH1000 ya pesa nyingi, weka matone kumi ya PH1000 kwenye kichupa kidogo, ongeza tone moja la poliurethani iliyopunguzwa kwa maji, zungusha taratibu, subiri saa moja, kisha mimina kidogo juu ya slaidi ya kioo na uinamishe kwenye mwanga. Ikitiririka laini, bluu moja bila punje, endelea. Ukiona chenga chenga, badilisha poliurethani. Kuna watu wanapandisha pH ya PEDOT:PSS kwa amonia kidogo kidogo mpaka kama 5 ili hizi za kaboksili zikubali, na inafanya kazi, ila jua kwamba kadri unavyokwenda upande wa besi upitishaji unashuka, kwa hiyo mimi naona ni bora uhangaike kutafuta poliurethani sahihi.

Hatua ya 2: hesabu ya uwiano

Usichanganye kwa mililita ukadhani umechanganya nusu kwa nusu. PH1000 ina yabisi asilimia 1 na ushee, poliurethani ya dukani ina asilimia 30 hadi 40, ukiweka mililita sawa kwa sawa PEDOT:PSS inakuwa kama asilimia 3 tu ya filamu kavu. Hesabu zote ziwe kwa uzito wa yabisi.

Anza kwa kupima mwenyewe yabisi ya kila chupa: pima gramu moja ya kimiminika kwenye kifuniko cha alumini, kaushia kwenye oveni ya digrii 110 mpaka uzito usibadilike, gawanya. Usiamini lebo moja kwa moja, chupa ikikaa wazi maji yanapungua.

Tuseme poliurethani yako imetoka asilimia 35. Ipunguze mpaka asilimia 10 ili iwe rahisi kupima: gramu 10 za poliurethani na gramu 25 za maji. Na tuseme PH1000 yako ni asilimia 1.1, maana yake mililita 10 zina gramu 0.11 za yabisi. Basi kwa kila mililita 10 za PH1000, kupata filamu yenye poliurethani asilimia 20 unaongeza gramu 0.275 za ile iliyopunguzwa, asilimia 40 unaongeza gramu 0.73, asilimia 60 gramu 1.65, na asilimia 80 gramu 4.4. Tengeneza zote nne pamoja na ya tano isiyo na poliurethani kabisa. Usiruke hii ya tano, bila hiyo huna cha kulinganishia na namba zako hazina maana.

Hatua ya 3: kuchanganya, na mpangilio ni muhimu

Chuja PH1000 kwanza kwa filta ya mikroni 0.45 ikiwa yenyewe, kabla hujaongeza chochote, kwa sababu ukichuja baada ya kuchanganya filta inakamata chembe za poliurethani na uwiano wako unaharibika bila wewe kujua. Ukisukuma sirinji ikawa ngumu, badilisha filta, usilazimishe.

Kisha ongeza DMSO, mililita 0.5 kwa kila 10 za PH1000, koroga dakika 15 hivi. Halafu poliurethani, tone kwa tone huku sumaku inazunguka polepole. Mwisho kabisa Triton X-100, kama asilimia 0.5 ya ujazo kwa kuanzia, hii inashusha mvutano wa uso ili kimiminika kitandae kwenye plastiki badala ya kujikunja matone, na pia inasaidia kulainisha filamu. Ni nzito kama asali kwa hiyo ipunguze kwanza kwenye maji iwe asilimia 10 ndo upime, la sivyo nusu inabaki kwenye pipeti. Acha ikoroge saa moja au mbili, kisha iache itulie mpaka mapovu yaishe, au itie dakika chache kwenye bafu ya altrasoniki kama unayo.

DMSO inafanya nini hasa? Inachemka digrii 189, kwa hiyo maji yanaondoka kwanza halafu yenyewe inabaki nyuma ikiwa imezama kati ya PEDOT na PSS, inazilegeza, minyororo ya PEDOT inapata nafasi ya kunyooka na kujipanga karibu karibu na PSS ya ziada inasukumwa pembeni. Ndo maana kukausha haraka mno kunaharibu, hujaipa muda wa kufanya kazi yake.

Kama lengo ni kitu cha kukaa juu ya ngozi, acha DMSO kabisa. Inapenya ngozi na inabeba vitu vingine pamoja nayo. Tumia D-sobitoli badala yake, ile sukari inayotumika kwenye peremende zisizo na sukari ya kawaida, inapandisha upitishaji na inalainisha filamu kwa wakati mmoja, na mwaka 2020 kuna watafiti walichapisha elektrodi kavu za kujishikiza za PEDOT:PSS, poliurethani ya maji na sobitoli zilizopima moyo na misuli vizuri bila jeli. Hiyo njia naipenda sana kwa sababu jeli ya ECG (kipimo cha umeme wa moyo) inakauka baada ya saa chache na ishara inaanza kuwa na kelele.

Hatua ya 4: kusafisha plastiki

Osha PET kwa sabuni ya kawaida na maji ya vuguvugu, suuza kwa maji safi mpaka sabuni iishe, kisha isopropanoli, kausha kwa hewa safi. Weka tone la maji juu yake. Likisimama kama shanga, uso bado haujawa tayari. Kama chuo kina taa ya UV na ozoni au plazima, dakika 5 hadi 10 zinatosha kulifanya tone litandae. Kama hakuna, Triton ndo itabeba mzigo, ongeza kidogo mpaka asilimia 1. Baada ya hapo shika shiti pembeni tu na glavu, alama ya kidole itaonekana kwenye filamu kama picha.

Hatua ya 5: kupaka

Ukiwa na spini kota, mizunguko 1000 hadi 3000 kwa dakika, sekunde 60, inakupa tabaka la nanomita makumi kadhaa mpaka mia na kitu kutegemea kimiminika ni kizito kiasi gani. Ni nzuri kwa vitu vya kuona mwanga ukipita. Shida yake inapoteza kimiminika kingi, karibu chote kinarushwa pembeni.

Mimi kwa elektrodi napendelea fimbo ya waya, ile fimbo ya chuma iliyozungushiwa waya mwembamba, unamwaga mstari wa kimiminika juu ya shiti na kuivuta mara moja kwa mwendo mmoja bila kusimama. Hesabu yake ni nzuri: unene mkavu ni unene mbichi mara sehemu ya yabisi. Fimbo ya mikroni 24 na kimiminika cha asilimia 2 inakupa kama nusu mikroni. Ukitaka nene zaidi paka tena baada ya tabaka la kwanza kukauka, usiweke tabaka moja nene sana, litapasuka.

Kwa filamu ya kusimama yenyewe, bila plastiki chini, mimina kwenye kisahani cha silikoni au tefloni kilichosawazishwa kwa pima maji. Mililita 2 za kimiminika cha asilimia 2 kwenye eneo la sentimita 10 za mraba inatoa filamu ya mikroni 35 hivi, hiyo unaweza kuibandua na kuivuta kwa mkono.

Hatua ya 6: kukausha

Digrii 40 hadi 60 kwanza mpaka ionekane kavu, kwa hotpleti au oveni, imefunikwa na kitu kinachoacha hewa kidogo ipite. Halafu digrii 110 hadi 120 kwa dakika 15 hadi 20. Usizidishe kwa PET ya kawaida, inaanza kulegea kwenye digrii 70 na kitu na ikizidi 120 inajikunja na kukunja filamu yako pamoja nayo, kwa hiyo ibane pembe zake kwenye kioo kwa utepe wa kuvumilia joto. Ukitaka joto la juu zaidi tumia poliimaidi ile ya rangi ya kahawia ya Kapton, hiyo inavumilia zaidi ya 300.

Kuna wanaoongeza kemikali ya GOPS asilimia 1 ili filamu isiyeyuke ikiingia kwenye maji au jasho. Inafunga minyororo pamoja na inaishikiza kwenye kioo vizuri sana, ila inahitaji digrii 140 kwa saa nzima, inapunguza upitishaji na inaongeza ugumu, na ukishaichanganya tumia siku hiyo hiyo. Kwa kuwa poliurethani yenyewe tayari inashikilia filamu kwenye maji, kwa uwiano wa asilimia 40 kwenda juu mara nyingi huihitaji.

Hatua ya 7: kupima umeme, bila kujidanganya

Ukigusa filamu kwa ncha mbili za multimita unapima filamu pamoja na ukinzani wa pale ncha inapogusa, na huo wa kugusa unaweza kuwa mkubwa kuliko filamu yenyewe. Tumia ncha nne. Ukiwa na kichwa cha ncha nne zilizo kwenye mstari, pitisha mkondo kwenye zile mbili za nje, soma volti kwenye mbili za ndani, ukinzani wa shiti (yaani wa kipande cha mraba cha filamu, sio wa ile plastiki ya chini) ni 4.53 mara volti gawanya kwa mkondo, mradi sampuli ni kubwa mara nyingi kuliko nafasi ya ncha. Huna kichwa hicho? Kata ukanda wenye upana sawa, weka mistari minne ya gundi ya fedha, mkondo kwa ya nje, volti kwa ya ndani, kisha gawanya volti kwa mkondo, zidisha kwa upana wa ukanda, halafu gawanya kwa urefu kati ya mistari ya ndani.

Mfano: miliampia 1 na millivolti 11 kwa ncha nne inatoa karibu ohm 50 kwa mraba. Unene ukiwa nusu mikroni, upitishaji ni 1 gawanya kwa (50 mara 0.00005 cm), yaani S/cm 400. Unene usipojua, pima shiti kabla na baada ya kupaka: eneo la sentimita 100 za mraba kwa nusu mikroni ni kama miligramu 5 hadi 6, mizani nzuri inaiona.

Angalia kitu kimoja hapa. Multimita ikisema hakuna umeme kabisa juu ya filamu ya bluu inayopendeza, usitupe. Polima yenye nguvu ndogo ya uso, mara nyingi hiyo poliurethani, inapenda kupanda juu wakati wa kukauka na kutengeneza ngozi isiyopitisha, PEDOT iko chini yake. Ikiwa ni filamu ya kusimama yenyewe igeuze upime upande wa chini. Ikiwa imeshikana na plastiki, kwangua kidogo pale utakapoweka gundi ya fedha. Watu wengi wanaandika kwamba mchanganyiko wao umefeli kumbe wavu upo, mlango tu ndo umefungwa.

Hatua ya 8: kupinda na kuvuta

Kupinda ni rahisi kuliko watu wanavyodhani na ndo maana picha za filamu imekunjwa hazinishawishi. Mvuto kwenye uso wa filamu unakaribia unene wa shiti gawanya kwa mara mbili ya nusu kipenyo cha kupinda. PET ya mikroni 125 ukiizungushia kwenye bomba la kipenyo cha milimita 10 ni asilimia 1.25 tu. ITO, ile oksidi ya kwenye skrini za kugusa, inaanza kupasuka kwenye asilimia 1 hadi 2, kwa hiyo kuishinda ITO hapo bado sio jambo kubwa. Shuka mpaka kipenyo cha milimita 5, hapo ni asilimia 2.5, rudia mara mia kadhaa, pima kila baada ya mia, filamu ikiwa upande wa nje halafu upande wa ndani.

Kuvuta ndo mtihani wenyewe. Paka kwenye shiti ya poliurethani au mpira wa SEBS, sio PET, ibane kwenye vidole viwili vya vernia kalipa ili usome urefu, vuta taratibu huku unasoma ukinzani. Na hapa kuna namba ya kuikariri: filamu isiyobadilika upitishaji wake, ikivutwa inarefuka na kuwa nyembamba, kwa hiyo ukinzani unapanda kwa mraba wa urefu mpya kwa ule wa zamani. Kwenye asilimia 20 ukinzani utakuwa mara 1.44, kwenye asilimia 50 mara 2.25, hiyo ni jiometria tu, sio uharibifu. Ukiona umepanda zaidi ya hapo, nyufa zimeanza. Ukiona umepanda chini ya hapo, minyororo imejipanga kuelekea upande wa mvuto, na hilo ni jambo la kufurahia kweli. Timu ya Zhenan Bao kule Stanford mwaka 2017 walipata PEDOT:PSS yenye nyongeza za chumvi za ayoni iliyopitisha S/cm 3100 ikiwa imetulia, na zaidi ya 4100 ikivutwa mpaka mara mbili ya urefu wake.

Usiishie kwenye mvuto wa kwanza. Achia, subiri, pima tena. Poliurethani nyingine hazirudi zote, zinabaki zimelegea na filamu inakunjana mikunjo midogo.

Unyevu, hasa kwa tuliopo pwani

PSS inanyonya maji ya hewani kama chumvi. Dar, Mombasa, Zanzibar, filamu ile ile asubuhi na saa nane mchana inaweza kukupa namba tofauti, na utakaa unalaumu uwiano. Tengeneza chumba kidogo cha unyevu: boksi la plastiki lenye kifuniko kinachobana, ndani yake kikombe cha chumvi ya mezani iliyolowa ikawa uji, hiyo inashikilia unyevu wa karibu asilimia 75. Kloridi ya magnesiamu iliyolowa inashikilia karibu 33. Weka sampuli ndani usiku kucha, pima asubuhi, andika unyevu na joto pembeni ya kila namba. Baada ya hapo ndo ulinganishe.

Filamu ikigoma

Ikiwa nyeupe nyeupe kama ukungu, sehemu zimetengana kubwa mno mpaka zinatawanya mwanga. Kausha haraka kidogo hatua ya kwanza ili zisipate muda wa kukua, au punguza poliurethani, au badilisha aina. Matundu madogo ya duara ni mapovu au vumbi, mara nyingi vumbi. Pete nyeusi pembeni na katikati kumekuwa hafifu inatokana na maji kukauka pembeni kwanza na kuvuta chembe huko, shusha joto la mwanzo na funika. Ikibanduka yenyewe, uso haukusafishwa. Ikinata kidoleni hata baada ya kukauka, DMSO au Triton zimebaki nyingi, rudisha kwenye digrii 110 nusu saa nyingine. Na kama upitishaji unaporomoka ghafla kati ya asilimia 60 na 80 ya poliurethani, hilo sio kosa, hapo ndo wavu unakatika, tengeneza 65, 70 na 75 uone mahali penyewe. Uwiano mzuri wa kufanyia kazi uko kabla ya hapo kwa nafasi ya kutosha, kwa sababu filamu iliyo ukingoni inapita mtihani ikiwa imetulia halafu inakufa ikivutwa kidogo.

Usalama na mabaki

Glavu za naitraili na miwani. DMSO usiimwage mkononi. Mabaki ya bluu usimwage kwenye sinki, yakusanye kwenye chupa, kaushia, yapeleke pamoja na taka za kemikali za chuo. Elektrodi yoyote utakayoijaribu juu ya mwili wa mtu iunganishe na kifaa cha betri tu, kompyuta iliyochomekwa kwenye umeme wa ukutani isiwe sehemu ya mzunguko, na kwanza bandika kipande kwenye mkono saa chache kuangalia kama ngozi inawasha.

Ukitaka kwenda kwenye semikondakta

Hadi hapa tumetengeneza kondakta. Kwa transista unahitaji polima semikondakta, na mantiki ni ile ile. P3HT ndo ya kuanzia, inachanganywa na polistairini au SEBS ndani ya klorobenzini au tolueni, hapo sasa kabati la kuvuta hewa ni lazima na sio hiari. Mwaka 2006 ilichapishwa kwamba P3HT ikichanganywa na plastiki inayojipanga fuwele, kama polithini, transista inaendelea kufanya kazi hata P3HT ikiwa asilimia 3 tu ya mchanganyiko, kwa sababu inasukumwa kwenye uso unaohitajika. Na mwaka 2017 kundi lile lile la Stanford walifungia nyuzi nyembamba za semikondakta ndani ya SEBS nyingi na transista zikavumilia kuvutwa mpaka mara mbili ya urefu wake. Anza na miligramu 10 za jumla kwa kila mililita ya tolueni au klorobenzini, P3HT asilimia 30 na SEBS asilimia 70, pasha digrii 60 mpaka iyeyuke yote na rangi iwe ya machungwa bila punje, paka ingali ya moto. Ikipoa kwenye chupa ikaanza kugeuka zambarau, nyuzi zimeanza kujitengeneza humo humo. Ipashe tena, au iache makusudi saa kadhaa na upake filamu za aina zote mbili uzipime pembeni kwa pembeni.